Maneno Niliyoyasoma kwa Sauti

Darasa langu la fasihi, pale Mangobo, lilikuwa na wanafunzi zaidi ya hamsini, na waliozungumza walikuwa wanne, wale wale kila siku. Wengine waliinama wakingoja kengele. Ndipo nikafungua kundi la WhatsApp. Riwaya tuliyosoma tulikuwa na nakala mbili tu, basi nikawa napiga picha kurasa na kuzituma, nikiwaambia waandike wanavyofikiri kwa lugha yoyote: Kifaransa, Lingala, Kiswahili chetu.

Riwaya ilimhusu mjane aliyenyang'anywa nyumba na shemeji zake, naye asiseme neno. Wale wanne waliandika kwamba mwanamke huyo ni mwoga. Jumapili alasiri msichana mmoja anayeketi karibu na dirisha darasani, ambaye sikuwahi kusikia sauti yake, akaandika: "Hapana. Huyu mama hana woga. Alinyamaza sababu watoto walikuwa ndani. Hakutaka wamuone anatukanwa."

Nilisoma mara tatu. Nimeifundisha riwaya ile miaka mingi, na jambo hilo sikuwa nimeliona. Furaha ilinipumbaza.

Kesho yake niliyasoma maneno yake mbele ya darasa, nikamtaja jina. "Simama, utueleze."

Alisimama, ameshika ukingo wa dawati kwa mikono miwili. Mmoja akasema kutoka nyuma, "Alors, kumbe kwa simu iko na mulomo!" Darasa zima likacheka mdomo huo wa simu. Nami, Mungu anisamehe, nilitabasamu.

"Usiogope," nikamwambia. "Rudia tu ulichoandika."

Aliketi. Mchana nikaona amejitoa kwenye kundi.

Siku ya tatu alikuja mama yake. Nilimpa kiti, akakataa.

"Monsieur, ile simu ni ya miye," alisema. "Mutoto alikuwa ananisomea kitabu, tunaongea. Ile maneno ni miye nilimwambia. Bashemeji walikuja kwetu vile vile, bwana yangu alipokufa. Sasa mutoto anasema darasa yote inacheka nyumba yetu."

Niliomba radhi. Akaniitikia kwa upole, "Bon, haukujua," na upole huo ukaniuma kuliko matusi. Ni kweli sikujua. Lakini ningeweza kumwandikia binti peke yake kwanza, nimuulize kama naruhusiwa.

Nilimwomba msamaha binti mwenyewe nje ya darasa. "Haina neno, Monsieur," alijibu, macho chini. Mwaka ulipokwisha, walihamia Basoko, safari ya boti mtoni, kwa ndugu za mama.

Sura ya mwisho, ambamo mjane anarudi na kudai nyumba yake mbele ya watu, niliituma kwenye kundi wiki ile ile, yeye akiwa ameshajitoa, hivyo hakuipata. Nilikusudia kumpa nakala yangu waisome na mama yake. Nilijua hata siku ya boti yao. Asubuhi hiyo nilibaki nyumbani nikisahihisha madaftari ambayo yangeweza kungoja.