Grupu la Tembo la Nyansurura

Mokami alirudi Nyansurura likizo ya Julai akiwa na begi dogo na mdomo mkubwa. Kabla hajafika kwa mama yake alikuwa ameshawasimamisha watu njiani kuwatangazia kwamba mwaka huu tembo watakoma. Wazee waliitikia shikamoo yake, wakamtazama juu hadi chini na ile suruali yake ya chuo, wakaendelea na safari zao.

Alikuwa mwaka wa pili wa ualimu huko Mwanza. Yeye na wenzake walikuwa na kikundi cha kujitolea: kila likizo wanachagua kijiji, wanakwenda kufundisha jambo kwa mikono yao, kisha wanaendelea kulisimamia kwa simu wakiwa popote walipo. Safari hii Mokami aliwaganda wenzake mpaka wakakubali kijiji kiwe kwao. Na sababu alikuwa nayo.

Mama yake, Regina, ni mjane. Shamba lake la mahindi ndilo la mwisho kijijini. Ukilivuka unakutana na pori. Misimu miwili mfululizo tembo walilila likabaki mabua. Kaka yake Regina, mjomba Wangwe wa Nyarero, ndiye aliyekuwa akimletea chakula, na sasa alikuwa amechoka. "Mwaka huu wakila tena nakuja na gari," alisema. "Nakuchukua wewe na vyombo vyako. Shamba waachie hao wenye pembe." Regina akasema sawa. Mwanamke huyu aliyeolewa hapo akiwa msichana, akazika mume hapo, ambaye akiita mbuzi wake kijiji kizima kinageuka, alisema sawa kwa kisauti ambacho Mokami hakuwahi kukisikia. Hicho ndicho kilichomuuma.

Basi kazi ikaanza. Wanafunzi walikusanya watu uwanja wa shule, wakasaga pilipili, wakaichanganya na oili chafu ya magari, wakachovya kamba na matambara, wakazungushia mashamba ya pembeni. Walipiga chafya wote, anayefundisha na anayefundishwa. Tembo harufu ile haipendi. Lakini uzio haumzuii tembo aliyeamua, unamchelewesha tu. Wa kumrudisha ni watu wenyewe, kwa madebe, vuvuzela na matofali ya samadi na pilipili yanayofuka moshi, wakipata habari mapema.

Ndiyo maana likaundwa grupu la WhatsApp. Mokami alilipa jina Tembo Hao. Akaingiza kila mwenye simu janja: wazee, vijana, akina mama, wake za watu, baba wakwe zao, wote humo ndani. Akaweka na sheria: ukiona tembo sema humu, kwa ujumbe wa sauti, usimpigie mtu mmoja habari ikafia kwake. Rafiki yake Awino, Mjaluo wa Sirari, mpakani na Kenya, akataka grupu lichangamke. Akarusha video ya harusi ya kwao, akina mama wanakata viuno hadi chini. Mokami alicheka hadi machozi, akaweka dole gumba.

Grupu halikuchangamka. Lilikufa.

"Sasa hii grupu imekufa aje?" Awino aliuliza, Sirari imemjaa mdomoni. "Meseji wanaziona. Hakuna mtu anajibu. Ama hawanipendi?"

"Watazoea," Mokami akamwambia.

Thubutu! Jioni moja, jua bado lipo, tembo walitoka porini upande wa mtoni. Walipita katikati ya mtama wa Mzee Heche taratibu kabisa, wakasukuma uzio, wakaingia kona ya shamba la Regina. Watu walishtuka waliposikia mahindi yanavunjika. Walipowatoa, kona nzima ilikuwa imelala chini. Mama yake Mokami hakulia. Aliingia ndani, akatoa sanduku la bati chini ya kitanda, akaanza kupanga sufuria.

Mokami alitoka pale kwa hasira kwenda kumtafuta Esta. Alijua fika kwamba mchana kutwa Esta alikuwa mtoni akichuma mboga. Esta ni mke wa mtoto wa Mzee Heche, msichana aliyesoma naye darasa moja, na simu haimtoki mkononi.

"Esta, uliwaona?"

"Niliwaona."

"Na simu ulikuwa nayo?"

"Nilikuwa nayo."

"Sasa ukanyamaza unawaangalia tu wanamlia mama yangu chakula chake!"

Esta aliweka kapu chini. Naye hasira zilimpanda. "Mokami, chuo kimekufanya nini? Baba mkwe wangu yumo kwenye grupu lako! Nipaze sauti masikioni mwake, 'Tembo hao, kimbieni'? Mimi ambaye nikikutana naye njiani naingia majanini apite? Na wewe mwenyewe ulisema asipigiwe mtu. Nilikimbia kumtafuta mama mkwe ili amwambie mumewe, naye alikuwa kisimani. Mtama ule ni wetu pia, ulifikiri nafurahi?"

Mokami alirudi nyumbani polepole, akamkuta mama yake bado anafunga vyombo.

"Mama, na wewe mbona ulitoka kwenye grupu?"

"Mume wa dada yako yumo," Regina alijibu bila kuinua kichwa. "Nikae na mkwe wangu sehemu moja, tunatazama viuno?"

Aibu aliyoipata binti yule, acha tu. Mkurya mzima, amezaliwa hapa, amekua akiona wakwe wanavyopishana, halafu anakwenda kuwarundika wote kwenye chumba kimoja na kuwafungia mlango! Awino angeweza kusamehewa. Yeye asamehewe na nani?

Alikaa jikoni akichochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa. Kwani hapa nyumbani habari hufikaje? Ng'ombe akizaa, Esta humwambiaje Mzee Heche? Jibu alikuwa analijua tangu utoto, kwa sababu yeye mwenyewe alitumwa hivyo mara nyingi. Mama anamwita mtoto: nenda kamwambie babu. Babu anamjibu mtoto. Mjukuu hana mkwe hapo. Anaingia kote, anatania kote, hata ndevu za babu anavuta.

"Awino!" aliita. "Njoo. Kuanzia leo wewe ni mjukuu."

"Wa nani?"

"Wa kijiji chote."

Walilivunja grupu wakatengeneza mengine: la wazee na vijana wa kiume peke yao, la wake walioolewa peke yao, la mama wakwe peke yao. Katikati, ndani ya yote, wakakaa wanafunzi. Habari ikiingia huku, mjukuu anaipeleka kule kwa sauti yake mwenyewe, bila kumtaja mtu aliyeileta.

Aliyebaki alikuwa Mzee Heche. Bila yeye vijana wasingetoka, maana ndiye wanayemsikiliza. Mokami alimkuta anakamua ng'ombe.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Umeniletea viuno vingine?"

"Hapana babu. Nimekuja kuomba msamaha. Simu iko wapi?"

"Ghalani. Ilale na mtama huko. Haina adabu."

Mokami alipiga magoti pale pale kwenye matope ya zizi, suruali ya chuo na yote, akamweleza. Mzee alikamua hadi mwisho, hana haraka. Kisha akauliza, "Kwa hiyo atakayenisemesha ni mjukuu?"

"Mjukuu tu, babu."

"Yule wa viuno?"

"Huyo huyo."

Mzee Heche alicheka mpaka ng'ombe akasogea. Akaenda ghalani mwenyewe, akaipangusa simu pumba, akaifunga kamba akaining'iniza shingoni.

Kazi ya mikono ilipokwisha, Awino aliondoka kurudi kwao Sirari, akakaa dukani kwa mama yake na simu mkononi. Mahindi yakazidi kukauka. Sanduku la Regina lilibaki limefungwa mlangoni, na kila Mokami akipita aliligonga kwa kidole cha mguu.

Wakaja. Ilikuwa jioni tena, na Mokami alikuwa mwisho wa shamba anarudishia uzio uliokatika. Mikono yote miwili ilikuwa imejaa oili na pilipili hadi kwenye viwiko. Simu ikaanza kulia mfukoni, ikalia, ikalia. Aishike vipi? Akijaribu kujifuta kwenye suruali, pilipili inazidi kusambaa. Alibaki anaruka pale kama mtu aliyekanyaga siafu, anaita, "Mama! Mama, simu!" na mama yuko mbali hasikii.

Kilichokuwa kinailiza simu ni ujumbe wa sauti wa Esta, kwenye grupu la wake. Safari hii Esta hakuwa na mtu wa kumwonea haya. "Jamani tembo! Wamevuka mto, wanaelekea kwa Mama Mokami, wana watoto! Tokeni! Tokeni!" Esta huyo huyo anayezungumza na wageni akitazama kucha zake!

Kule Sirari, Awino alimwacha mteja na sukari yake ikiwa kwenye mizani. "Babu! Babu zangu wote! Mjukuu wenu hapa! Tembo wamevuka mto, wanaenda kwa Mama Mokami! Toka babu, toka na mura zako, vijana wako wote!"

Na Mokami, mikono hewani, akasikia kijiji kinaamka. Kwanza sauti ya Mzee Heche, "Mura! Mura nyie, mmelala?" Halafu madebe. Halafu vuvuzela kutoka kila upande, na vijana wanashuka mbio na matofali ya pilipili yanayofuka kwenye ncha za fimbo. Tembo walikuwa wameshafika kwenye uzio. Tembo jike mkubwa alikuwa amenyoosha mkonga juu ya kamba. Moshi ukamfikia. Akapiga kelele, akatikisa masikio, akageuka, na wengine wote wakageuka nyuma yake na watoto wao katikati. Wakavuka mto kurudi walikotoka. Hata bua moja halikulala.

Regina alikuja anakimbia na debe lake limebonyea, akamkuta binti yake amekaa chini anacheka na kulia, machozi ya furaha na ya pilipili kwa pamoja, hawezi kujifuta. Mama ndiye aliyemfuta, kwa khanga yake.

Usiulize makelele ya jioni ile kwenye magrupu. Lakini ujumbe mmoja ulikwenda kwa Awino peke yake, sauti ya Mzee Heche. "Mjukuu, sikuulizi ni nani aliyewaona. Yule anayechuma mboga mtoni, mpelekee neno langu. Mwambie ameokoa mji. Mwambie mzee amesema asante." Awino alipeleka. Esta aliusikiliza, akaurudia, akamwita mumewe ausikilize, kisha akaenda nyuma ya nyumba akalia kidogo kwa raha yake.

Mahindi yalivunwa. Mjomba Wangwe aliambiwa kwa simu, hakuamini hata chembe. Siku waliyopatana akaja na pikapu ya kukodi na kamba za kufungia vitanda. Akasimama uani, mdomo wazi. Mahindi yalikuwa yamejaa ghalani, barazani, na mengine juu ya lile sanduku la bati.

"Dada," alisema, "sasa hili gari nililipie la nini?"

"Leta kinyumenyume," Regina akamwambia, kwa ile sauti yake ya kuita mbuzi, na kijiji kizima kikageuka. "Pakia magunia. Umenilisha vya kutosha, kaka. Mwaka huu unakula kwangu."