Silinda ya Hewa Sebuleni

Wenzangu walirudi kutoka Uarabuni na televisheni za ukubwa wa meza. Mimi nilirudi na vitabu. Ofisa wa forodha alifungua sanduku langu, akainua kitabu kimoja kwa mikono miwili kama anayepima mtoto, akaniuliza kama ni cha dini.

"Ni cha silinda za hewa," nikamjibu, kwa sauti ya mtu anayestahili kupishwa. Akanipisha.

Ieleweke mapema kwamba nina diploma ya uhandisi wa mitambo, niliyoipata kwa jasho langu mwenyewe, na kwamba miaka yangu ya ugenini niliimalizia katika kiwanda cha kujaza maji kwenye chupa, nikiwa fundi wa matengenezo. Mle ndani karibu kila kitu kilisukumwa na silinda za hewa. Silinda ni bomba lenye pistoni ndani yake. Hewa iliyobanwa ikiingia upande mmoja, fimbo inachomoka na kusukuma kilicho mbele yake. Ikiingia upande wa pili, fimbo inarudi nyumbani. Ni hayo tu. Lakini juu ya hayo tu watu wameandika maelfu ya kurasa, na mimi nilizisoma kitandani, katika kambi ya wafanyakazi, wakati wenzangu wakitazama mpira. Nilivipenda hasa vile vitabu vya viwango. Kiwango ni makubaliano ya watu wasiojuana: kwamba silinda iliyotengenezwa nchi moja itaingia kwenye matundu ya bolti yaliyotobolewa nchi nyingine, na hakuna atakayehitaji kupiga simu. Kwa mtu aliye mbali na kwao, wazo hilo lina faraja yake.

Nyumba yangu hapa nyuma ya soko la Magwagwa niliijenga kwa simu. Nilituma michoro, fundi akanitumia picha, nikasahihisha, akaniambia ndiyo, akafanya alivyotaka. Niliporudi niliweka rafu ya vitabu sebuleni, mkabala na mlango, ili mgeni avione kabla hajaona kiti. Wageni wengi waliviona. Mchungaji aliviona, akaomba kimoja, akakirudisha wiki hiyohiyo. Mtu mmoja tu niliyetaka avione hakuviona, naye ni baba yangu, kwa sababu kwetu Gusii mzazi wa kiume haingii katika nyumba ya mwanawe aliyeoa. Tunaiita chinsoni, ile haya ya heshima kati ya wakubwa na watoto wao. Baba anakuja mpaka uani, anasalimia, anakaa kwenye kiti kinachotolewa nje, anakunywa chai yake, anaondoka. Kizingiti changu hajakivuka, na hatakivuka.

Baba ana ng'ombe mmoja wa maziwa. Tangu mama afariki, ng'ombe huyo ndiye anayemtoa kitandani. Kabla hakujapambazuka vizuri utamsikia akikatakata nepia, zile nyasi ndefu za kulishia ng'ombe, kwa panga juu ya gogo, akizungumza na mnyama huyo habari za mvua na za bei ya majani chai. Mwaka huu bega lake la kulia likagoma. Alijaribu mkono wa kushoto, nusura ajikate kidole. Tulimtafutia kibarua, akamfukuza, eti anakata vipande virefu kama vya kuezekea nyumba. Hatimaye akamwita mfanyabiashara wa mifugo kutoka Keumbu, wakaelewana: angekuja Jumapili asubuhi kumchukua ng'ombe.

Alinieleza hayo akiwa uani, kikombe mkononi, kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la kanisani. Ila chai hakuimaliza.

"Tata," nikamwambia, "usiuze. Nitakutengenezea mashine."

"Mashine gani?"

"Ya hewa."

Akaitazama hewa iliyokuwepo baina yetu. "Hii hii?"

"Hii hii, lakini iliyobanwa. Ijumaa mchana itakuwa zizini. Utakata nyasi za jioni na za Sabato kabla jua halijazama, bila kuinua panga."

"Na isipokata?"

"Itakata."

"Isipokata," akasema, "Jumapili yule mtu anakuja na gari."

Najua unachotaka kusema, kwa sababu mke wangu alikisema papo hapo. Mjini Kisii wanauza mashine za mota za kukatia nyasi, zinatoka dukani zikiwa tayari, na nusu ya majirani wanazo. Pia alisema kwamba mimi nina mabega mawili mazima na panga lipo.

"Injinia," akaniambia, "si ungeamka tu umkatie mzee nyasi?"

Nilimweleza kwamba mtu hasomi miaka yote hiyo ili ashike panga. Mashine ya mota ina gurudumu linalozunguka, na linalozunguka haliulizi kama kilichoingia ni nepia au ni mkono wa mzee. Silinda inakwenda na kurudi, nawe unaiamrisha. Yote hayo ni kweli mpaka leo. Ukweli mwingine ni kwamba kompresa, mashine ya kubana hewa niliyoinunua baada ya kurudi, ilikuwa imekaa chini ya ngazi bila kazi, ikinitazama.

Kwa hiyo nilibuni. Nilifungua vitabu mezani na kupiga hesabu ya nguvu ya kukata bua la nepia lililokomaa, nikaizidisha kwa kigezo cha usalama, na kwa kuwa bua linamhusu baba nikazidisha tena. Nikachagua kipenyo cha silinda kwenye jedwali, nikaiagiza. Nikapima kama fimbo itapinda ikisukuma kisu, nikaona haitapinda. Nikaongeza nafasi ya fimbo ikiwa imechomoka, jambo ambalo wanafunzi hulisahau na mimi silisahau. Kitabu kikasema fremu ya kuchomelea ni imara kuliko ya bolti, nikamwita mchomeleaji, akachomelea kila kiungo mpaka fremu ikawa kitu kimoja. Kisu kilitokana na springi ya lori. Kazi yote ilifanyikia sebuleni, kwa sababu huku kwetu mvua huja karibu kila alasiri kama mfanyakazi mwaminifu, na soketi nzuri ipo sebuleni, na vitabu sikuwa tayari kuvitoa nje.

"Hii itatokaje?" mke wangu aliuliza siku moja, amebeba ufagio.

"Kupitia mlangoni."

"Mlango umeupima?"

Nilitabasamu. Nilimfungulia kitabu ukurasa wa milango, nikamwonyesha upana wa kawaida wa mlango mmoja wa kuingilia, kwa milimita, na kwamba fremu yangu ingepita humo na nafasi ya vidole ingebaki kila upande. Aliutazama ukurasa, akautazama mlango, akaendelea kufagia.

Ijumaa ikafika. Baba alikuwa amevuna nepia yake mapema, kwa mkono wa kushoto, akaifunga mizigo na kukaa uani kungoja, amevaa kofia yake nzuri. Majirani wawili walikuja kunisaidia kubeba. Tuliinua, tukahesabu, tukasogea, na mashine ikagonga miimo ya mlango kwa sauti nzito. Tukarudi nyuma, tukaigeuza ubavu. Ikagonga. Tukaisimamisha wima, ikakuna dari. Mlango wangu, nilikuja kugundua, fundi aliutoa kwenye nyumba nyingine iliyobomolewa, akajenga ukuta kuufuata. Kitabu hakikuwa na habari hizo.

"Labda tuivue nguo," jirani mmoja akasema.

"Imechomelewa," nikasema.

"Basi tuvunje ukuta."

"Vunjeni," mke wangu akajibu kutoka jikoni, "na mimi nirudi kwetu nikapumzike."

"Dirisha je?" yule wa kwanza akauliza.

Tukaligeukia dirisha. Madirisha yangu yana grili za chuma nene, nilizozichora mwenyewe nikiwa ugenini, dhidi ya wezi ambao mpaka leo hawajajitokeza. Jirani wa pili alicheka mpaka akakaa sakafuni. "Mwizi hawezi kuingia," akasema, "na mashine haiwezi kutoka. Bwana we, umejenga mtego wa mashine!"

Ningeweza kuikata fremu na kuichomelea upya nje. Nilijiambia kwamba joto lingeipinda. Joto lililokuwepo lilikuwa la uso wangu. Na wakati wenyewe haukuwepo: mchomeleaji alikuwa ameenda kazi Nyamira, na jua lilikuwa limeshaanza kuelemea magharibi. Likizama, Sabato imeingia, na baba hatagusa kazi hadi jioni ya kesho yake. Ng'ombe angelala na njaa, na hiyo ingekuwa sababu tosha kwa Jumapili.

Baba alikuwa amesikia yote. Alisimama polepole, akakung'uta suruali.

"Basi," akasema. "Mwanangu, umejaribu."

Sijawahi kusikia neno baya kuliko hilo. Angenitukana ningekuwa na la kujibu. Alishika mzigo wa nepia kwa ule mkono wa kushoto, akaanza kuuburuta kuelekea zizini, na alipopita chini ya dirisha bua moja refu lilinasa kwenye grili, ncha yake ikaingia ndani, ikagusa pazia.

Ningependa kuandika kwamba nilipiga hesabu. Nilipiga kelele. "Tata! Simama hapo hapo!"

Tuliisukuma mashine mpaka dirishani, mdomo wake ukaelekea grili. Nikawasha kompresa, nyumba nzima ikatetemeka, sahani zikagongana kabatini. Nikamwambia baba apitishe mabua kati ya nondo.

Hakusogea. "Niingize mkono nyumbani kwako?"

"Mkono ubaki nje. Nyasi ndiyo iingie."

Akatafakari. Wazee wetu walieleza habari za miguu ya mtu na kizingiti. Kuhusu nepia sikumbuki walisema neno. Lakini kulikuwa na macho pia, kwa maana dirisha la sebule linaonyesha sebule, na ndani ya sebule yumo mkwe wake, ambaye haya hiyo inamhusu zaidi. Mke wangu ndiye aliyelimaliza jambo hilo. Alikuja akiwa amejitanda leso, akashusha pazia lote, akalikata kwa mkasi tundu la ukubwa wa kofia mbele ya mdomo wa mashine, pazia jipya kabisa, akarudi jikoni bila kunitazama. Baba naye akasimama kiubavu, uso ameugeuzia migomba, akaanza kulisha bua moja moja kama anayemlisha mtu asiyemwona.

Mimi nilikuwa ndani, vidole gumba juu ya vitufe viwili. Kiwango cha usalama kinataka mwendeshaji abonyeze vyote kwa pamoja ili mikono yake isiwe karibu na kisu. Bua linaingia, nabonyeza, fimbo inachomoka, *chwaa*, kipande kinaanguka kwenye zulia. Bua, *chwaa*. Mafunzo yangu yakanirudia, nikasimamisha kila kitu na kukimbilia rafu, kwa sababu kuna jedwali linaloonyesha tundu la upana fulani linahitaji kisu kiwe umbali gani ili mkono usikifikie. Nikapima nafasi kati ya nondo. Nikapima umbali hadi kisu. Grili zangu zilipita mtihani! Sebule yangu ndiyo mashine pekee ninayoijua katika kaunti hii inayotimiza kiwango hicho, na nimewaambia hivyo watu wengi, baadhi yao zaidi ya mara moja.

"Injinia!" baba akaita kutoka nje. "Jua!"

Tulimaliza likiwa linagusa kilima. Vipande vilikuwa vifupi, sawasawa, vya kupendeza; majirani walivizoa kwenye gunia, wakalitoa nje. Baba alichukua konzi kutoka kwenye gunia, akainusa, akasema "Mbuya mono," yaani vizuri sana, maneno ambayo huyatumia kwa mahubiri mazuri, akaenda zake zizini. Sebule ilinuka kama tumbo la ng'ombe Sabato nzima.

Jumapili asubuhi gari la mfanyabiashara liliingia uani. Tulikuwa kazini, mimi ndani, baba nje. Mtu yule alishuka na kamba yake, akasimama. Nilimwona kupitia tundu la pazia: alikuwa akimtazama mzee mwenye kofia nzuri, anayesukuma mabua kwenye dirisha la nyumba inayonguruma.

"Mzee," akasema, "siku hizi mnalisha nyumba?"

"Inakula," baba akamjibu.

"Na ng'ombe?"

"Anangoja zamu yake."

"Tulisema Jumapili, mzee wangu. Nimekuja na gari mpaka hapa."

"Ndiyo, tulisema. Wakati huo sikuwa na mtu wa kunikatia. Ingia kwangu unywe chai, gari lako lisiwe limekuja bure. Lakini ng'ombe hatoki."

Yule mtu akasogea, akachungulia kwenye tundu, macho yetu yakakutana, mimi na vidole gumba vyangu hewani. "Kuna mtu humu," akasema.

"Huyo ni mwanangu," baba akasema. "Amesoma."

Sikusikia walichozungumza baadaye, kompresa ilikuwa inajaza. Gari liliondoka tupu.

Tangu hapo, kila siku isipokuwa Sabato, kabla hakujapambazuka, nasikia mzigo wa nepia ukishushwa chini ya dirisha langu. Mke wangu amekwisha kupiga hesabu yake, akaniambia kwamba muda ninaotumia kubonyeza vitufe ni mrefu kuliko ambao ningetumia na panga, ukiacha kufagia, na kufagia nafagia mimi. Bado natafuta jedwali la kumjibu. Kwanza huja hatua za baba, kisha kikohozi kifupi cha heshima, cha kumpa mkwe wake nafasi ya kuondoka. Halafu zinagongwa nondo.

"Injinia. Umelala? Leta hewa."