Udongo wa Kisima na Meno ya Wifi

Kisima kilichochimbwa nyuma ya nyumba ya kaka yangu, kule kisiwani Ndagoni, kilitoa udongo mweupe, laini, na mimi nilidhani hakuna anayeutamani kuliko mimi.

Chuoni Dar es Salaam nilikuwa najifunza kuuchoma udongo na kuuosha kwa tindikali mpaka uwe chembe zisizoonekana kwa macho, zenye vitundu vya kunasa uchafu wa maji. Mali ya bei mbaya kutoka kwenye udongo wa bure! Nilichota kopo moja lililobaki, nikauloweka, nikauchuja kwa kitambaa, nikafinyanga vidonge, nikavianika kwenye ungo. Kisima kilikwisha kujaa maji, hakuna kuchimba tena. Kesho yake napanda boti, na bila udongo ule masomo yangu ya mwaka mzima yamekwenda na maji.

Narudi kutoka dukani, ungo mtupu. Mke wa kaka, na tumbo lake limeshatangulia mbele, kakaa kizingitini, midomo myeupe pee.

"We wifi! Udongo wangu uko wapi?"

"Kumbe wako? Mie nikasema, wifi ananipenda huyu, kajua nina mimba. Umeuchuja mpaka hauna mchanga hata kidogo!"

"Ule ni utafiti!"

"Utafiti mtamu, wallahi."

Yarabi toba! Nilipiga kelele mpaka kuku wakakimbilia uvunguni. Ndipo akafungua pindo la kanga, akatoa kidonge cha mwisho, kimeng'atwa pembeni. Alinikabidhi huku analia kilio cha msibani. Nami, kwa hasira zangu, nikakipokea.

Kwenye boti nikakitoa nikikague. Kinanukia mvua ya kwanza. Nikakilamba, nijue tu wifi kasifia nini. Nikang'ata kidogo. Tunafika bandarini Nyamisati, nimebaki na kipande cha ukubwa wa ukucha, na aibu sina.

Nikampigia wifi nimsimulie. Kigelegele kikanipasua sikio. "Wifi, kapime!"

Nikapima. Mume wangu alicheka mpaka akakaa chini.

Mwalimu wangu wa maabara alisema kipande kitatosha jaribio moja tu, nisikipoteze. Akakigeuza kwenye mwanga, akakunja uso. "Hizi alama ni za nini?"

"Tumekila watu wanne, mwalimu," nikamwambia, "ila wawili hawajaota meno."