Samaki wa Sare

"Samaki gani huyu hana mkia? Aneth, nakuuliza wewe! Sendofu ya mtoto wetu ndiyo unatuwekea samaki kilema?"

Huyo alikuwa shangazi Loisi, shangazi wa binti anayeagwa, na ndiye mwenyekiti wa kamati. Alikuwa anagonga kioo cha tangi kwa pete yake, ko ko ko, kama anadai mlango ufunguliwe. Wageni wanaanza kuingia muda si mrefu, na sisi bado tunafunga vitambaa kwenye viti pale ukumbini Miyuji.

Dada Aneth, mpambaji, bosi wangu, akaja mbio na pini mdomoni.

"Mkia anao, shangazi. Ameukunja tu."

"Ameukunja! Kwani mwavuli?"

Mkia haukukunjwa. Mkia uliliwa, na mimi niliona ukiliwa. Mle ndani kulikuwa na samaki wa dhahabu, wale wenye mikia mirefu kama shela, wamechanganywa na mbuna, samaki wa bluu wa Ziwa Nyasa, wana hasira kama mgambo aliyenyimwa chai. Kipande cha mkia kinaelea juu, mbuna mmoja anakitafuna huku anatutazama. Chini kwenye changarawe kuna mwingine amelala ubavu, jicho moja halipo.

Na yote kwa sababu gani? Kwa sababu kamati ilichagua bluu na njano.

Ili uelewe, lazima umjue Aneth. Amezaliwa Busi, kule Kondoa, kwao wakulima. Mwenyewe anasema kwao kila kitu kina rangi ya vumbi, mpaka mbuzi. Alikuja Dodoma kufagia ofisi za watu, akawa anabaki baada ya mikutano kuangalia wanavyofungua maua na mapazia. Sherehe yake ya kwanza alipamba kwa mapazia ya kuazima kanisani, akayafua na kuyarudisha kabla ya ibada. Hana mchezo na kazi. Akipewa rangi mbili, ni mbili. Kitambaa, puto, keki, juisi, mpaka sisi vibarua tunavalishwa mashati ya sare. Niliwahi kumwona anamhamisha mgeni kiti kwa sababu ya gauni la kijani.

Halafu mwaka jana akaona kwenye simu harusi ya watu fulani yenye tangi la samaki mlangoni. Basi. Tangu siku hiyo samaki wanabadilishwa kama vitambaa vya meza. Harusi ya nyekundu na nyeupe, wanaletwa wekundu na weupe. Ikiisha, wanatupwa kwenye ndoo iliyokuwa ya rangi ya ukuta, kule stoo kwake. Ile ndoo usiifunue ukiwa umetoka kula. Maji yameota utando kama uji uliolala, na wanaokufa wanaliwa na wanaosubiri kufa.

Siku hii ilikuwa na uzito wake. Mzee Fabian, mwenye ukumbi, alisema atakuja mwenyewe kutazama. Akiridhika, Aneth anakuwa mpambaji wa kudumu pale, vitu vyake vinakaa palepale, haombi kazi tena wala habebi viti kwa mkokoteni. Asiporidhika, kuna mama wa kutoka Dar anaisubiri hiyo nafasi. Aneth alikuwa hali, halali, anaongea na maputo.

Siku mbili kabla alinituma kwa Uwesu, muuza samaki wa kufuga karibu na stendi. Uwesu akaniambia wazi, "Chukua gapi na plati. Wadogo wote, wapole wote, wanaishi kama wapangaji wanaosalimiana. Mbuna wanakaa na mbuna wenzao. Ukiwachanganya na wa dhahabu umewapelekea chakula."

Nikarudi na maneno hayo.

"Hao gapi wana rangi gani?" Aneth akauliza.

"Zote, dada. Wanapendeza."

"Zote? Kwani napamba duka la vitenge?"

"Lakini Uwesu anasema hawa wataumana."

"Waumane Jumapili. Sherehe ni Jumamosi."

Ndiyo tukafika kwenye mkia. Shangazi Loisi akasema watolewe wauaji wote sasa hivi, la sivyo anamwita mzee Fabian aje aone machinjio. Aneth akaangaza macho, akachukua chujio la chai kwenye meza ya mpishi, akaanza kuvua mbuna mmoja mmoja na kuwatia kwenye ndoo. Yule asiye na jicho akamchota pia. Alipomaliza, akalirudisha chujio lilipokuwa. Nikamwambia Emilia, mpishi, kwamba hilo limetoka kwenye samaki. Akalipangusa kwa kanga yake, akaendelea kuchuja chai ya wageni. Magamba mawili yameng'ang'ania pembeni, nayaona.

"Sasa njano ipo," shangazi akasema. "Bluu iko wapi?"

Aneth akaenda kwenye meza ya keki, akarudi na kichupa cha rangi ya chakula, ile ya bluu, akakimimina chote ndani ya tangi.

"Dada, utawaua!"

"Hii watu wanakula, Denis. Haimuui mtu, itamuua samaki?"

Maji yakawa kama ya kulowekea nguo za shule. Wale wa dhahabu waliobaki wakawa wanapita mle ndani kama maganda ya machungwa kwenye mtaro. Shangazi akarudi nyuma, akainamisha kichwa, akasema, "Eeh. Hapo sawa." Mimi nikatoka nje kutema mate.

Niliporudi wageni wameshajaa, na dijei amechomoa pampu ya hewa ya tangi ili achaji simu. Nikairudisha, akachomoa tena. "Broo, samaki hawapigi muziki," akaniambia, watu wakacheka. Samaki wakapanda juu, midomo nje ya maji, wanavuta pumzi kama wazee wenye pumu. Watu wamejaa pale na simu zao. "Ona wanaimba!" Mmoja akawatupia pilau. Mafuta yakatanda juu ya ule ubluu, na samaki wanavuta pumzi katikati ya mafuta.

Mzee Fabian akaingia.

"Shikamoo mzee," tukasema.

"Marahaba. Hawa wanafanya nini?"

"Wanasalimia wageni, mzee," Aneth akajibu. Hakupepesa hata kope.

Mzee akacheka mpaka akashika kiuno. "Wanasalimia! Na maji ya sare! Mwanangu, kuanzia wiki ijayo ukumbi huu upambe wewe."

Aneth akapiga goti, akalia palepale. Na shangazi Loisi, yuleyule wa kilema, akamkumbatia. "Mimi nilisema tangu mwanzo, huyu mtoto ana kipaji."

Sikatai, kazi aliitafuta kwa jasho. Lakini nyuma yao samaki mmoja alikuwa ameshageuka tumbo juu, tumbo lenyewe limekuwa la bluu. Aneth akamwona. Akasogeza chombo cha maua kikamziba, akafuta machozi, akanigeukia.

"Denis, Jumamosi ijayo ni zambarau na fedha. Kesho asubuhi uende kwa Uwesu."

"Samaki wa zambarau hana, dada."

"Hana, au hutaki kuuliza?"

Simu yangu ikaita. Fredy, rafiki yangu, yuko Msalato, lori la mchanga limefika na wanahitaji watu wa kushusha kabla giza halijaingia. Nikamwambia nakuja. Nikavua lile shati la bluu, nikalitundika kwenye kiti, nikabaki na singlendi.

"Unakwenda wapi na watu wamejaa?"

"Msalato. Kuna mchanga wa kushusha."

"Na tangi nani atalimwaga?"

"Mimi siligusi tena," nikasema, nikapita katikati ya meza kwenda kutafuta bodaboda.