Mapovu ya Baba Mkwe

Nakumbuka asubuhi moja ya mvua hapa Tukuyu, mwanangu, nikiwa mama kijana kama wewe, nimempakata binti yangu Tumpe hospitalini. Alikuwa bado hajafikia umri wa kwenda shule. Nimonia ilishaanza kumwachia, lakini makohozi mazito yalikuwa yameziba njia ya hewa, na sehemu ya pafu lake ikasinyaa kama puto lililoishiwa upepo. Daktari alisema lisipofunguka, tutapelekwa hospitali kubwa ya Mbeya.

Mtaalamu wa mazoezi ya tiba alikuwa dada mmoja mpole, mwenyeji wa Mtwara. Alimlaza Tumpe ubavu, akampigapiga kifuani kwa kiganja alichokikunja kama kikombe, kisha akampa mrija na maji ya sabuni apulize mapovu. Tumpe akagoma. Akalia, akakohoa, nami nikamnyakua.

"Mwache, dada, amechoka," nikasema. Uchungu wa mwana, mwanangu, wakati mwingine humfumba mama macho.

Sasa, kwetu Wanyakyusa enzi zile, mkamwana na baba mkwe hawakutazamana uso kwa uso. Niliposikia sauti ya baba mkwe mlangoni, amefika kutoka Lufingo na ndizi zake, nilimrudisha Tumpe kitandani, nikajifunika kanga gubigubi nikageukia ukutani. Mzee akaketi upande wa pili wa kitanda, bila kunitazama, akasema na yule dada, ingawa maneno yalinilenga mimi:

"Mwambie mama Tumpe, mchelea mwana kulia hulia yeye. Na mimi nipe mrija wangu."

"Utauweza, mzee?"

"Nimepuliza kuni mbichi tangu utoto."

Akapuliza kwa nguvu zote, mapovu yakamjaa ndevuni. Tumpe akanyamaza, akamkodolea macho, kisha akacheka na kudai mrija wake. Babu akapuliza, mjukuu akapuliza, mpaka kicheko kikaleta kikohozi kizito na kohozi likatoka. Yule dada akapiga makofi. Mimi ndani ya kanga nacheka huku machozi yananitoka.

Tangu hapo, kila asubuhi nilimpigapiga mwenyewe kama nilivyoelekezwa, na mchana nikatoka nje kumpisha babu na mapovu yake. Picha ya pili ya kifua ikaonyesha pafu limefunguka. Mbeya hatukwenda. Mzee alipoambiwa, alisema tu, "Ndaga," ndiyo asante yetu, akarudi kwenye migomba yake.

Basi, mwanangu, mtoto akikohoa usimkatize ukidhani unamhurumia. Kikohozi ndicho kinachofagia kifua. Mtaalamu akikuonyesha namna ya kumlaza na kumpigapiga, jaribu mbele yake akurekebishe, usiende kubuni yako nyumbani. Zoezi likimchosha mtoto, lifanye mchezo. Na mila uishike, ila mtoto akiugua, wakubwa tafuteni namna ya kumhudumia pamoja.

Mungu awape wanao pumzi ndefu, wajaze nyumba yako kelele, nawe uzeeke ukizisikia.