Siku Kijiji Kilipozima Simu

Nilipokubali kuolewa Musoma vijijini nilitoa sharti moja tu, tena mbele ya mashahidi wa pande zote mbili: siku kazi yangu ya mtandaoni itakapokatika, nafungasha, narudi kwetu Mombasa. Sikusema kwa utani. Mume wangu alikuwa amechoka na mji, anataka kurudi kwao ziwani afuge sato kwenye vizimba. Mimi kazi yangu ni kufundisha Kiswahili kwa kompyuta, na wanafunzi wangu ni watu wa nchi za baridi. Nikamwuliza, huko kwenu mtandao upo? Akaapa upo.

Nikavuka mpaka pale Sirari, kompyuta nimeipakata kama mtoto mchanga. Kijiji chenyewe kiko mbele kidogo ya Nyegina, mahali ambapo ukipanda juu unakiona kisiwa cha Rukuba. Siku ya kwanza nilizunguka nyumba nzima na simu nimeiinua juu ya kichwa, nikaingia jikoni, nikaingia mpaka zizini, ng'ombe wakanitazama. Hakuna kitu. Mtandao ulikuwepo, mume wangu hakusema uongo. Alichonificha ni kwamba ulikuwepo juu ya jiwe.

Nyuma ya nyumba kuna jiwe kubwa, bapa juu, pana kuliko sebule yetu ya Mombasa. Hapo ndipo mnara ulipotufikia, na hapo ndipo mavyaa wangu, yaani mama wa mume wangu, alipokuwa akianika mihogo tangu kabla sijazaliwa. Nilinuna siku mbili tatu. Tulishuka Musoma mjini, mtaa wa Mukendo, tukanunua antena ambayo muuzaji alisema inanasa mpaka Uganda. Labda Uganda ilikuwa inanasa, mimi nilitaka inase chumbani kwangu. Ikashindwa. Basi tukagawana jiwe na mavyaa: upande wa ziwani mihogo yake, upande wa nyumba meza yangu, sola yangu na turubai la kivuli. Nikapaita ofisi.

Ofisi hiyo ilikuwa na mambo yake. Mavyaa akija kugeuza mihogo hawezi kupita bila kusalimia, na kwake mtu wa kwenye kompyuta ni mgeni kama mgeni mwingine. "Hamjambo huko? Mvua imenyesha? Ng'ombe wazima?" Wanafunzi walimpenda kuliko walivyonipenda mimi. Mmoja alianza kunijibu maswali yangu yote kwa kusema ng'ombe wazima, mama.

Kulikuwa pia na shangazi wa mume wangu, anayekaa Bunda, mwenye ng'ombe, mashamba ya pamba, na mdomo. Siku ya harusi alinishika mikono, akaigeuza, akawatangazia watu: "Hii mikono haishikagi jembe. Huyu masika hayamalizi." Masika yakaisha, nipo. Hata hivyo kila alipompigia mavyaa simu swali lake la kwanza lilikuwa, "Bado yuko?" Na mavyaa huweka sauti ya juu, kwa hiyo nasikia mwenyewe, nimekaa hapo hapo napukuchua mahindi. Nilikuwa namchukia, nisiseme uongo. Alinisema hata kwa simu yangu: "Kila ukimpigia yuko hewani. Simu yake hailalagi, yeye atalala saa ngapi na mume?"

Taabu ikaanza pale kijiji kilipopenda video. Mnara ulikuwa mdogo, nao watu wote wakawa na simu za kupangusa. Nafundisha, ghafla mduara unaanza kuzunguka kwenye kioo, mwanafunzi ameganda mdomo wazi. Nikaanza kupata malalamiko. Mwishowe msimamizi wangu, mama mmoja asiyecheka, akaniandikia: Alhamisi asubuhi atakaa ndani ya somo langu kuangalia. Mtandao ukikatika tena, saa zangu anapewa mwalimu mwingine.

Niliwasomea ujumbe huo wakati wa chakula. Mume wangu akaacha tonge mkononi. Akamweleza mama yake kwamba mnara ni kama kisima kidogo, wote wakichota kwa pamoja hakuna anayejaza ndoo. Mavyaa akaniuliza tu, macho kayaelekeza kwenye sahani, "Kwa hiyo ikikatika, lile sharti lako bado ni lile lile?"

Nikasema ndiyo mama, ni lile lile. Nilikuwa na hasira na mnara, yeye akapata za uso. Akanyanyua vyombo akaenda zake.

Jumapili kanisani, kwenye matangazo ya kigango chetu, kumbe mavyaa kaomba nafasi. Akasimama, akafunga kanga vizuri. "Mke wetu ana mtihani na Wazungu siku ya Alhamisi. Mnara wetu ni mdogo. Penye msiba tunaachaga majembe, hakuna anayelima. Basi Alhamisi tuache simu. Kuanzia chai mpaka chakula cha mchana, simu zote zizimwe, ziwe kimya kabisa."

Watu wakapiga makofi. Sasa mimi nilijua kwamba kuzima data peke yake kunatosha, hakuna haja ya kuzima simu nzima. Lakini niambieni, ni mkwe gani atasimama kanisani amsahihishe mavyaa wake? Nikaufyata. Tena, nikiwa mkweli, nilikuwa nimeguswa mno hata sauti isingetoka.

Alhamisi ikafika. Usiku kucha upepo ulikuwa umevuma ziwani, kulipopambazuka ukatulia. Mume wangu akachukua mtumbwi kwenda kulisha samaki, simu yake kaizima mbele yangu, akaibusu kwa madaha, akanipa niiweke kabatini. Nikapanda jiweni. Simu yangu ndiyo iliyokuwa ikiipa kompyuta data, nami nikaziba simu zisiingie, maana huku kwetu simu ikiingia data inakatika. Mavyaa akatandika mkeka chini uani, akakaa peke yake, mikono mapajani, kulinda mtu yeyote asipite na simu.

Jamani, mtandao ule! Sijauona tena. Kijiji kimya, hata muziki wa bodaboda hakuna, na picha imetulia mpaka naona vumbi kwenye miwani ya mwanafunzi. Msimamizi yuko kwenye kona yake, kakunja mikono. Somo lilikuwa majina ya undugu. Mwanafunzi mmoja akauliza shangazi ni nani hasa. Nikamwambia, shangazi ni dada wa baba, na kwenye ukoo yeye ndiye mwenye sauti kubwa.

Hapo ndipo nikasikia kilio.

Kilio cha huku hakianzii mlangoni, kinaanzia barabarani. Nikageuka. Gari aina ya Noah limesimama, wanashuka wanawake, kanga viunoni, wengine wamebeba masufuria, mmoja ana mfuko wa unga kichwani. Mbele yao shangazi wa Bunda, mikono kichwani, analia kwa sauti ya mtu aliyefiwa kweli. Mavyaa akamwona. Hakuuliza lolote. Huku huulizi kwanza, unalia kwanza, majina yanakuja baadaye. Akajua Bunda kuna mtu amekwenda, naye akajitupa chini akaanza kulia. Wale wa kwenye gari kumwona mama mwenye nyumba anagaragara mkekani, wakapata uhakika wote waliokuwa wakiutafuta. Wakaongeza.

Mimi juu ya jiwe nikawaza jambo moja tu. Upepo wa usiku. Mtumbwi. Mume wangu, na simu yake iko kabatini.

Sikuaga, sikusema samahani, hata msimamizi sikumkumbuka kama yupo duniani. Nilishuka lile jiwe miguu mitupu, nikakanyaga mihogo, mihogo ikateleza nami, nikafika uani nimekaa kitako. Nikajiinua nikamshika shangazi mabega. Macho kayafumba, machozi yanamtiririka, anasema, "Mke wetu! Mke wetu katuacha! Na alikuwa ameshazoea, jamani, hata ugali wa muhogo alikuwa anaula!"

"Nani?" nikapiga kelele. "Shangazi, nani amekufa?"

"Wewe!" akanijibu, macho bado kayafumba. "Wewe, mwanangu, wewe!"

Halafu akayafumbua.

Lo! Wanawake wawili walirudi garini bila kugeuka nyuma. Mwenye unga aliutua mfuko miguuni mwa mavyaa, akapiga ishara ya msalaba. Shangazi hakukimbia. Alinipapasa mashavu, akanipapasa mikono ile ile isiyoshika jembe, kisha akanitandika kofi la bega ambalo marehemu wa kweli angelisikia.

"Unatuua!" akasema. "Nimepiga kwa mama mkwe wako, haipatikani. Kwa mumeo, haipatikani. Kwa katekista, haipatikani! Nikasema haiwezekani kijiji kizima kikose chaji. Ndipo nikapiga kwako, wewe ambaye simu yako hailalagi. Nayo haipatikani! Na upepo wa jana vile. Nikajua mtumbwi umepinduka na wewe ndani, watu wote wako ufukweni wanakutafuta, maana kuogelea hujui."

"Kuogelea najua, shangazi, mimi ni mtu wa Mombasa!"

"Nyamaza!"

Mavyaa, aliyekuwa bado chini, akauliza kwa adabu kama basi Bunda wote wazima. Walipomjibu wazima, akalia upya, safari hii kwa kucheka.

Kisha akakatisha kicheko, akaonyesha juu. "Mtihani," akasema.

Mungu wangu. Nikapanda jiwe nikihema, namweleza shangazi habari ya simu kuzimwa, naye nyuma yangu, hataki kuniacha nitoke machoni pake. Kompyuta ilikuwa pale pale. Wote wako pale pale, hakuna aliyeganda, hakuna mduara. Mmoja anafuta machozi. Msimamizi amekunjua mikono, kajishika mdomo. Shangazi akasogeza uso mpaka ukajaa kwenye kioo.

"Hawa ndio waliotuzimia simu?"

Yule mwanafunzi aliyeuliza swali akainua mkono. "Shikamoo, shangazi," akasema, kila silabi mahali pake.

"Marahaba, mwanangu," shangazi akajibu, sauti imelainika mara moja. "Huko kwenu wazima?"

"Ng'ombe wazima," akasema.

Msimamizi akasema uamuzi ataniandikia baadaye, akafunga somo. Sikuweza kusoma uso wake.

Huku chini kijiji kilikuwa kimesikia kilio, kikaja chote. Mume wangu naye aliona akiwa ziwani watu wamejaa uani kwake, akaruka kutoka mtumbwini maji yakiwa bado kifuani, akaja anatambaa matopeni, na aliponiona nimesimama alinishika mkono, akakataa kuniachia mpaka nikaona haya mbele za watu. Shangazi akatangaza kwamba unga wa msiba haurudi nyumbani. Masufuria yakajazwa maji, mume wangu akaleta sato. Na watu wote, kila mmoja, wakawasha simu kuwaambia ndugu zao Bunda na Butiama kwamba mke wetu hakufa. Wote kwa pamoja. Mnara ukazama.

Kwa hiyo ujumbe wa msimamizi ulipokuja, haukufunguka. Nimekaa ofisini, mduara unazunguka, unazunguka. Mavyaa akapanda akakaa kando yangu, tukautazama pamoja. Chini wanacheka, wanapasua kuni.

"Hiyo ikikataa," akasema taratibu, "utaenda?"

Nikatafuta lile sharti langu la mbele ya mashahidi, nisilione lilipo. Nilikuwa nimeiacha kazi mezani na kukimbia, wala sikufikiria mara mbili.

"Niende wapi, mama?" nikamwambia. "Mtu akishaliliwa mahali, anaendaje tena kwingine? Nitatafuta kazi nyingine hapa hapa. Nitalima hata mihogo."

Ujumbe ukafunguka. Nikausoma, nikausoma tena, kisha nikamfasiria: mtandao haukukatika hata mara moja, aliyekatika ni mwalimu. Saa zangu nabaki nazo. Na wanafunzi wanaomba shangazi aje tena kwenye somo lijalo.

"Eeh," mavyaa akasema. Akainuka, akaenda upande wake wa jiwe, akaanza kugeuza ile mihogo niliyoikanyaga, mmoja mmoja, kanipa mgongo. Nikaona ameinua upindo wa kanga usoni, na haukuwa wakati wa kufuta jasho.

Kutoka uani shangazi akapaza sauti, sahani mkononi, kichwa cha samaki juu yake, kile anachopewa mgeni wa heshima.

"We marehemu! Shuka ule, ugali unapoa."

Nikashuka, nikala matanga yangu.