Vifungo vya Koti la Baba

Vijana wananijia siku hizi na simu zao, wananionyesha hadithi za picha wanazozitunga. Unasoma, unafika mahali, hadithi inakuuliza shujaa apite wapi, unabonyeza. Wanataka niwasaidie kujenga wahusika. Shujaa wao daima ni mrefu, ana kovu shavuni na hana mama. Nikiwauliza anapenda kula nini, wananitazama kana kwamba mimi ndiye mgonjwa. Nawadharau, ila si sana. Dharau yangu kubwa nilishaitoa yote kwa msichana mmoja wa mtaa wa Kadutu, wa miaka kumi na minane, na msichana huyo ni mimi mwenyewe.

Vita vilikuwa vimeingia mjini, shule zimefungwa, nami nilikuwa na daftari na kalamu mbili. Nilichora miraba ya picha, na chini ya ukurasa nikaandika: akishuka ngazi, nenda ukurasa wa 14, akipita barieri ya wanajeshi, nenda ukurasa wa 22. Daftari lilizunguka avenyu yetu nzima. Wasomaji wangu walikuwa walaghai wasio na haya. Waliacha kidole kwenye ukurasa wa kuchagua, shujaa akifa wanarudi kimyakimya kuchagua upya, halafu wanajigamba kwamba wao hawajafa hata mara moja.

Shujaa alikuwa komando, bila shaka. Mabega kama kabati, maneno machache, na kichwani hamna kitu, maana mimi mwenyewe sikuwa na kitu cha kumtilia humo.

Kila hadithi inahitaji mwoga, na wa kwangu sikuhangaika kumtafuta. Baba alikuwa karani wa ofisi iliyokwisha kuporwa hadi viti, lakini kila asubuhi alivaa koti lake la kahawia na kofia, akashuka kwenda kuilinda. Kwenye barieri, pale wanajeshi walipofunga njia kwa kamba, alivua kofia kabla hawajamwita, akainama, akasema, “Jambo, chef.” Siku nilipoiona ile kofia mkononi mwake, niliona aibu hadi masikio yakawaka. Nikamchora hivyo hivyo, koti na mgongo uliopinda. Wahusika wengine wote niliwapa njia mbili. Yeye nilimpa moja tu: Anainama. Nenda ukurasa wa 9. Avenyu nzima ilicheka, nami nikajiona nimeshaujua moyo wa binadamu.

Nilikuwa na ujinga mwingine, mbaya zaidi. Wasomaji walipenda kuona mahali pao, kila mmoja akitaka ngazi za kwao ziingie, basi nikatumia njia za kweli. Nilichora bomba la maji, nyumba za pembeni, na barieri yenyewe, na kigoda cha mlinzi, na kamba yake. Nambie, ni mpumbavu gani anachora barieri ya wanajeshi wakati wa vita, kisha anaandika kando yake jinsi ya kuizunguka?

Wanajeshi walikuja mchana, wanne, wakipekua nyumba baada ya nyumba. Mimi nilikuwa nachambua maharage. Baba alikuwa ndiyo kwanza ametoka kazini, koti bado mwilini. Daftari walilitoa chini ya godoro langu. Mkubwa wao akasoma taratibu, akaenda ukurasa wa 14, akaenda wa 22, akarudi.

“Hii iko plan ya kutuingilia,” alisema. “Ni nani aliichora?”

Komando wangu angekuwa na jibu. Mimi niliangalia maharage. Nilijua atakayejibu atachukuliwa, na waliochukuliwa wiki ile hakuna aliyerudi. Niliogopa, nikaendelea kuchambua.

“Ni miye, chef,” alisema Baba. Kofia tayari ilikuwa mkononi. “Ni ma-histoire, hadithi ya kuchekesha batoto, juu masomo imefungwa.”

“Weye, muzee? Chora basi, tuone.”

Sikuwahi kumwona Baba akichora hata yai. Alipiga magoti, akaweka daftari juu ya kigoda cha jikoni, akashika kalamu yangu. Nikajua tumekwisha. Angechora upuuzi, wangeuliza mara ya pili, na mara ya pili hawaulizi kwa mdomo.

Akachora mtu aliyevaa koti, kofia mkononi, mgongo umepinda. Hata ule mstari mdogo chini ya jicho, niliouweka kuonyesha woga, aliuweka. Picha ilikuwa yangu, mstari kwa mstari. Kisha chini yake akaandika: Anainama. Nenda ukurasa wa 9.

Mkubwa wao alitazama picha, akamtazama Baba aliyepiga magoti. “Kumbe ni weye mwenyewe! Muzee anajicheka!” Walicheka hadi mmoja akaegemea ukuta. Wakampiga Baba kichwani kwa lile daftari, wakalitupa ndani ya mbabula, jiko letu la makaa, wakachukua redio yetu, wakaenda.

Baba akainuka, akajipangusa magoti. Nilikuwa nalia kwa sauti, kwa sababu nilikuwa nimeelewa. Alikuwa amelisoma daftari langu. Tena alilisoma mara nyingi, hadi akaweza kulichora bila kuangalia, na siku zote hizo tulikula sahani moja naye hakusema neno.

Akaketi kando yangu, akavuta ungo wa maharage.

“Maman,” alisema, maana hivyo ndivyo alivyoniita tangu nilipozaliwa, “ku ile koti uliweka bouton ine. Koti yangu iko na tatu.”

Nilitazama vifungo vya koti lake. Vilikuwa vitatu, si vinne.

“Miye pia nimeweka ine,” alisema, akitoa jiwe kwenye maharage. “Ifanane na yako.”